Kava la Godoro la Mama

Mtu akichoka sana hafikiri vizuri, na msusi huyu alikuwa amechoka tangu mwaka juzi. Alichoka miguu kwa kusimama nyuma ya vichwa vya watu. Alichoka vidole kwa kugawa nywele mafungu membamba. Alichoka hata masikio, maana mtu akishakaa chini ya kitana huona yuko mbele ya hakimu, anamwaga mambo yake yote, ya mume, ya mkwe, ya mpangaji mwenzake. Na sasa, juu ya uchovu huo wote, kunguni.

Kunguni wa kwanza alionekana Jumapili, saa ambazo watu wenye heshima zao hutembeleana. Wifi yake, mke wa kaka, alikuwa amekuja kumjulia hali mama mkwe. Mama aliinuka kumletea mgeni soda, na pale kwenye pindo la kanga yake, mchana kweupe, mdudu mwekundu akawa anapanda taratibu kama mwenye nyumba anayerudi kwake. Wifi akamwona. Msusi akamwona. Mama naye akamwona, akambana kwa ukucha, akajifuta kidole, akasema, "Kunywa soda, mwanangu, gesi inakwisha."

Soda haikunywewa. Wifi alikaa kidogo kwenye ncha ya kiti, mkoba kaupakata kama mtoto mgonjwa, kisha akakumbuka kwamba ameacha maharage jikoni. Watu wanaokimbia kunguni huwa wote wameacha kitu jikoni.

Tangu baba alipofariki mambo ya mama yalipangwa hivi: miezi mitatu anakaa kwa binti, miezi mitatu kwa mwana. Msusi hakuwa na nyumba ya kujivunia. Chumba cha mbele ndiyo saluni, kioo kimoja na viti vya mbao. Chumba cha nyuma ndipo yeye na mama walipolala, kitanda chake upande huu, cha mama upande ule, katikati njia ya kupitisha ndoo. Mlango kati ya vyumba ulikuwa pazia. Ukikohoa nyuma, mteja wa mbele anakwambia pole.

Na mama hakuhama na nguo peke yake. Alihama na godoro lake. Enzi za nguvu zake alikuwa mshona magodoro ya sufi, mtaa mzima ukimwita Bi Sindano kwa ajili ya ile sindano ndefu aliyotoboa nayo godoro kutoka juu hadi chini. Yale ya sponji yalipoingia, kazi ikafa, lakini godoro lake mwenyewe hakuliacha. Ni jembamba, la mtu mmoja, limeshonwa kwa mkono mishono yote. Kila Jumamosi hulitoa juani, akalipiga kwa fimbo mpaka sufi ikainuka, akapitisha kidole kwenye kila mshono. Gari la kuhamisha mama lilikuwa lazima liwe na nafasi ya godoro, na kaka alizoea kutania kwamba mama ameolewa mara mbili, na mume wa pili ndiye huyu.

Kwa hiyo kunguni alipoonekana kwenye kanga ya mama, kesi haikuhitaji mashahidi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Godoro la zamani, sufi, mzee, mwenye kuhamahama: nani mwingine? Mikono ya mama ilikuwa na mabaka mekundu tangu kiganjani hadi kwenye kiwiko. Ya msusi ilikuwa safi, haina hata kipele. Msusi alijitazama kwenye kioo cha saluni akapata jibu lake.

"Mama, godoro lako lina kunguni."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Haya," akasema.

"Haya nini, mama? Hukuwaona?"

"Nimekusikia, mwanangu. Nimesema haya."

Hilo la kutobisha lilimkera msusi kuliko kama mama angebisha. Mtu unayetaka kumlaumu akikubali mapema, lawama inakukwama kooni huna pa kuitemea. Akaanza kumwona mama anafanya vituko. Kila asubuhi kabla wateja hawajafika, mama huchemsha maji birika zima na kuyamwaga kwenye viti vya saluni, kwenye nyufa za miguu, chini ya ubao wa kukalia. "Mama, unamaliza gesi," msusi hulalamika. Mama husema viti vina vumbi. Viti vya mbao vitupu, vumbi la kumwagiwa maji ya moto! Msusi alitikisa kichwa, akaona uzee umeanza kubisha hodi.

Katikati ya wiki wifi akapiga simu. Alianza na salamu ndefu, dalili mbaya.

"Wifi yangu, mwisho wa mwezi zamu yetu inafika. Mama ni mama, karibu sana, chumba chake kipo. Ila lile godoro, hapana. Nina watoto. Tena hata yeye mwenyewe, unajua tena, hawa wadudu wanakaa kwenye nguo. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako."

"Godoro haachi, wifi. Unamjua."

"Basi mtafutie dawa kwanza. Mtafutie lile kava la zipu linalofunika godoro lote, wanafungiwa humo mpaka wafe. Jumapili nitakuja nione kwa macho yangu. Nikiliona limefungwa, namchukua. Nisipoliona, naomba unisamehe, akae kwako kwanza."

"Kwanza mpaka lini?"

"Mpaka hapo," wifi akasema, na kila mtu anajua hapo ni mbali.

Msusi alikata simu akakaa kwenye kiti cha wateja. Tuseme ukweli kama alivyojiambia mwenyewe siku ile: alikuwa anaingoja miezi ile mitatu. Alimpenda mama yake, lakini alitaka kulala bila kusikia mtu akigeuka kitanda cha pili. Alitaka kupika chakula kimoja, chenye pilipili. Alitaka kurudi nyuma ya pazia jioni akatupa viatu hapa na kanga pale, akajilaza kwenye kitanda chake kikubwa mikono imetanuka, asiulizwe amekula nini. Alijionea aibu kwa kutaka hayo, na bado aliyataka. Kava lile ndilo lililokuwa limebeba pumziko lake lote, na bila kava, mama angebaki anajulikana kwa mwana na mkwe kama mzee aliyekataliwa kwa sababu ya wadudu.

Kuhusu kitanda hicho kikubwa inafaa kusema neno. Mume wake alipomwacha aliondoka na kila kilichokuwa na miguu: viti, meza, kabati, kitanda. Msusi alilala kwenye mkeka muda mrefu, akisuka na kuweka akiba. Kisha nyumba moja ya kulala wageni ikafungwa, wakauza vitu vyao uani, na msusi akaona kitanda cha watu wawili, kichwa chake, ule ubao wa kichwani, kimevishwa sponji na kitambaa cha mahameli chenye vifungo kama kiti cha waziri, na godoro lake nene juu yake. Akakinunua. Siku kilipoletwa alikaa katikati yake akarukaruka kama mtoto, akacheka mpaka wabeba mizigo nao wakacheka. Mama alikuwepo, amesimama mlangoni na bakuli mkononi. Tangu talaka hakuwa amemsikia binti yake akicheka hivyo.

Ijumaa msusi akamwambia mama, "Kesho naenda kununua kava. Nipimie godoro, mimi mgongo hauinami tena leo."

"Urefu, upana na kimo?"

"Yote, mama. Lisije likabana."

Mama hakuwahi kuamini futi ya chuma. Alipima kwa uzi, tangu ujana wake: uzi mmoja, fundo la kwanza urefu, la pili upana, la tatu kimo. Asubuhi, msusi akiwa anafunga mlango, mama akamtilia mkononi uzi uliokunjwa vizuri, umefungwa katikati usichanganyike.

"Huu hapa. Ufuate uzi, usifuate maneno ya dukani," mama akasema.

"Sawa, mama."

"Umenisikia?"

"Nimekusikia, mama, jua linatoka."

Duka la magodoro lilikuwa limejaa harufu ya sponji mpya. Muuzaji alikuwa mtu mnene, mpole, anayekaa juu ya bidhaa zake, godoro juu ya godoro, miguu inaning'inia. Alipoambiwa kunguni hakushtuka wala kurudi nyuma, na kwa hilo tu msusi akampenda.

"Dada, usione haya. Nusu ya wanaokuja hapa wananong'ona," akasema, akashuka.

Akamtolea la kwanza, la nailoni. Lilipokunjuliwa lilipiga kelele mpaka mtu wa duka la pili akachungulia. "Hili linazuia maji. Linafaa kwa mtoto anayekojoa. Mtu mzima atatoka jasho, na likichanika mahali pamoja limekwisha."

La pili lilikuwa la kitambaa chenye lastiki pembeni, linavikwa kwa juu kama kofia. Msusi alilipenda kwa kuwa lilikuwa na maua.

"Hilo ni shuka lililovaa mkanda," muuzaji akamwambia. "Chini kuko wazi. Kunguni anatoka kwa miguu yake, anakusalimia. Unataka linalofunga godoro lote, juu, chini na mbavu. Hili hapa."

La tatu lilikuwa jeupe, laini, kitambaa chepesi cha kupumua, na zipu imezunguka pande tatu. Msusi aliiangalia zipu ile kwa jicho la mtu anayeishi kwa kutazama vitu vidogo. Akaivuta hadi mwisho. Kisha akachomoa kitana kwenye nywele zake, kile chenye mkia mwembamba wa kugawia nywele, akajaribu kuingiza ncha pale zipu inapoishia. Ncha ikapita.

"Mkia wa kitana ukipita, mtoto wa kunguni anapita na begi lake," akasema.

Muuzaji akacheka, akamtazama upya. "Haya, wewe umekuja kununua kweli." Akapanda kwenye rafu akateremsha jingine, jeupe vilevile, meno ya zipu madogo zaidi, na mwisho wa zipu kuna kijimfuko cha kitambaa kinachomeza kile kichwa cha zipu na kubanwa juu yake. Msusi akajaribu kitana. Hakikupita. Akajaribu kwenye mshono. Hakikupita. Akakifikicha kitambaa kwenye shavu, hakikuwa na kelele.

"Likishafungwa lisifunguliwe mwaka mzima na ushei," muuzaji akasema. "Hawa viumbe wanajua kufunga kula kuliko sisi. Ukifungua ili kuchungulia kama wamekufa, umewapa chakula cha jioni. Na lienee sawasawa. Likibana litapasuka, likipwaya litakunjamana, na kwenye mikunjo ndiko wanakojificha. Kipimo unacho?"

Msusi akampa uzi. Muuzaji akaufungua, akaulaza kwenye futi yake, fundo hadi fundo, akakunja uso.

"Hili ni la watu wawili, dada."

"Hapana, ni la mtu mmoja. La sufi, la mama yangu."

"La sufi?" Akalipima fundo la tatu mara nyingine. "Sufi haina kimo hiki. Hiki ni kimo cha sponji, tena sponji nzito, zile za hoteli."

Hapo ndipo uchovu ulipozungumza kwa niaba yake. Mtu mwingine angesimama akafikiri. Lakini msusi alikuwa mtoto wa mshona magodoro, na mtoto wa fundi anajua nusu ya kazi, nusu ile inayopoteza watu. Alikumbuka tangu utoto kwamba gunia la godoro la sufi hukatwa kubwa kuliko kitanda, kwa sababu likishindiliwa linanenepa na kupungua upana. Mama alikuwa akilitandaza sakafuni, likimeza chumba kizima, na likishajazwa linatosha kitandani kama lilipimiwa humo. Kwa hiyo akamweleza muuzaji, kwa sauti ya mtu mwenye ujuzi wa ukoo, kwamba sufi ni lazima iachiwe nafasi, kwamba mama yake ameshona magodoro maisha yake yote na hajawahi kukosea uzi.

Muuzaji akainua mikono. "Mimi ni nani nibishane na fundi? Chukua."

Akalichukua. Njiani alilibeba kichwani, na kwa mara ya kwanza wiki ile aliona mwanga. Jumapili wifi ataona, mama ataondoka, yeye atapumzika.

Jumapili asubuhi alikuwa na mteja, mwalimu wa chekechea aliyetaka nywele za kuanzia nazo muhula mpya. Nusu ya kichwa, ya kushoto, ilikuwa imekwisha, mistari imenyooka kama daftari. Nusu ya kulia ilisimama wima juu. Msusi akaangalia saa, akamwomba radhi, "Mwalimu, pumzisha shingo kidogo, kuna kitu namsaidia mama huko nyuma," akapita chini ya pazia.

Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya kitanda chake, mikono mapajani, kama anayengoja kuitwa na daktari. Msusi akalisimamisha lile godoro jembamba la sufi, akalitandaza kava, akalivisha. Likaingia na nafasi ikabaki. Akalivuta upande huu, upande ule ukapwaya. Kava lilikuwa limelimeza godoro la mama na bado lilikuwa na njaa. Pangeingia godoro jingine, na mtu, na mito yake. Akalivua, akaligeuza, akalivisha upya kana kwamba upana unatokana na adabu ya kuvisha. Jasho likamtoka. Wifi alikuwa njiani.

"Mama!" alisema kwa sauti ya chini, kwa ajili ya pazia, lakini hasira ilikuwa juu. "Mama, umepimaje?"

"Nimepima vizuri."

"Vizuri vipi? Tazama! Hili la watu wawili! Umepima nini?"

Mama akaunyosha mguu, akainuka polepole, akavuka ile njia ya ndoo. Akakamata shuka la kitanda kikubwa, cha msusi, akalifunua pembeni. Akaushika ule mshono wa godoro la sponji kwa vidole viwili, akaugeuza kuelekea kwenye dirisha.

"Nimepima godoro lenye kunguni," akasema.

Mshono wote ulikuwa na vidoa vyeusi, vidogo, kama mtu aliyejaribu kalamu. Na kati ya vidoa, wao wenyewe, wamejipanga na watoto wao. Mama akabinya kifungo kimoja cha kile kichwa cha mahameli, na nyuma ya kifungo pakawa na wengine, kijiji kizima, wakatawanyika kwa kuonewa na mwanga.

Msusi akakaa chini. Hakukaa kitandani, alikaa sakafuni.

"Mimi siumwi," akasema kwa upole, kama mtu anayekata rufaa. "Tazama mikono yangu, mama. Mimi sina hata kipele."

"Unaumwa, mwanangu. Wanakuuma kuliko mimi. Kuna ngozi inasema na kuna ngozi haisemi. Yangu ya kizee inasema."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu nilipokutandikia mara ya kwanza. Mshono ni kazi yangu."

"Na hukusema." Sasa sauti ilikuwa inamkatika. "Nimekwambia ni lako, mkwe wako amekukataa, na wewe unasema haya. Haya! Kwa nini, mama?"

Mama aliangalia pazia kabla ya kujibu. "Hukuwa na kitu chako. Siku kile kitanda kilipokuja, ulicheka. Ningekwambia nini, uache kucheka? Nikasema nitawapunguza mwenyewe, ukienda mbele mimi nabaki huku na sindano na maji ya moto. Na viti vya wateja nimevimwagia kila siku, humo hawajaingia. Lakini hawa wamenishinda. Wanataka kufungiwa." Akashusha pumzi. "Mimi ni mzee, aibu yangu haina wateja. Wewe ukiitwa mwenye kunguni, nani atakuletea kichwa? Wifi yako ameshaamini ni mimi. Mwache aamini hivyohivyo. Nitarudi zamu nyingine."

Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, yaani wa mwenzio huuoni uzito wake. Msusi alikuwa amewahi kuusema msemo huo kwa wateja mara nyingi, akicheka, kitana mdomoni. Hakuwahi kuukalia kitako kama siku ile, na godoro la sufi lenyewe limemwegemea bega, safi, halina doa hata moja. Alitaka kulia akaona hata machozi yamechoka.

Mlango wa mbele ukasukumwa. "Hodi humu!" Sauti ya wifi iliingia kabla yake, kubwa, ya mtu aliyeogopa njia nzima na sasa ameamua kuwa jasiri. "Habari yako, dada. Wifi yuko wapi? Wifi! Wale wadudu wa mama wameshafungwa?"

Kisha mwalimu wa chekechea, kwa ile sauti wanayoitumia kuuliza nani amemwaga maji: "Wadudu gani?"

Nyuma ya pazia mama akamshika msusi mkono. "Sema ni langu," akanong'ona. "Sema tu, yaishe."

Ingeisha kweli. Wifi angeliona godoro la sufi limefungwa vyovyote vile, mwalimu angeguna akakaa, mama angepanda gari, na miezi mitatu ingeanza saa ileile. Msusi aliyaona yote hayo yamepangwa mbele yake, na alikuwa amechoka, Mungu ndiye shahidi. Akainuka, akafungua pazia lote, mpaka mwisho, mpaka kitanda kikaonekana kutoka saluni.

"Kunguni, mwalimu," akasema. "Na wifi, nisikilize vizuri. Si wa mama, ni wangu mimi. Wamo kwenye kitanda changu, nilikinunua nao. Godoro la mama halina hata mmoja, njoo ulikague mshono kwa mshono. Yule uliyemwona kwenye kanga yake alitoka kwangu."

Mwalimu alikuwa ameshasimama. Akatazama mlango, kisha akajitazama kwenye kioo, nusu mistari, nusu msitu, na watoto wanamngoja kesho.

"Viti hivi?" akauliza.

"Viti viko safi. Mama anavimwagia maji ya moto kila asubuhi, na mimi nilikuwa namgombeza. Ukitaka kuondoka sikudai kitu, mwalimu. Ukitaka kukaa, nitakumaliza uani, juani, kwenye kibaraza cha zege."

Mwalimu akajishika upande ule wa msitu. "Na kichwa hiki niende nacho wapi?" akasema. "Nyumbani kwetu tulikuwa nao, mwaka mzima. Tuliwaambia majirani ni mbu. Haya, mnafunga au hamfungi? Nishike pembe ipi?"

Wakafunga. Kwanza wakakiburuta uani kile kichwa cha mahameli, kwa kuwa hicho, mama alisema, hakina kava duniani. Kisha mama akasimamia kama zamani, fimbo mkononi. "Inueni. Usilikokote, wewe, unawamwaga! Mkwe, vuta kwako." Wifi aliyekuwa hataki hata kiti akajikuta amelikumbatia godoro la kunguni, amekaza macho, anasema yarabi yarabi. Mwalimu alishika pembe yake, nywele zake za kulia zikitetemeka kila anapovuta. Kava likaingia pande zote, likakaa kama ngozi, halikubana halikupwaya. Msusi akaivuta zipu, akakifungia kichwa chake kwenye kile kijimfuko. Mama hakuridhika na kijimfuko. Akatoa ile sindano ndefu, akapiga juu yake mishono midogo ya nguvu, akakata uzi kwa meno.

"Usije ukafungua kwa ajili ya usafi," akasema.

Wifi alikuwa ananawa mikono kwa mara ya tatu. Alipokuja alishindwa kumtazama mama mkwe usoni, akakunja magoti kidogo mbele yake. "Mama, nisamehe. Gari lipo nje. Tupakie godoro lako twende, leo hiihii. Chumba kiko tayari."

Mama akamtazama binti yake. "Haya," akasema, na akaanza kukunja kanga zake.

Ndicho alichokitaka msusi wiki nzima, mwezi mzima. Alisimama pale na kitana mkononi, mgongo unauma, akaona kanga ya kwanza imeingia kwenye mfuko wa safari, na ya pili.

"Wifi, chukua godoro leo," akasema. "Mama mje mmchukue kesho."

"Godoro liende, mimi nibaki?" mama akacheka. "Nitalala wapi?"

Msusi alipiga kiganja kwenye lile godoro kubwa, sasa jeupe kwa kava.

"Hapa. Ni la watu wawili, mama. Si umelipima mwenyewe?"